Vidole Vinne vya Chaki

Kwa miaka thelathini na nane Delbert Vrana alisimama pembeni mwa uwanja wa mpira wa Kimarekani wa chuo cha Prosser, hatua mbili tu kutoka kwenye mchezo, na hakushangilia hata mara moja. Ndilo sharti la watu wa mnyororo, wale wanaopima mpira umesogea kiasi gani. Unaweza kuwa umezaliwa Prosser, umebatizwa Prosser, na mkeo ndiye anayewaokea wachezaji mikate ya mdalasini, lakini ukishavaa lile koti la mnyororo, mdomo wako si wako tena. Unaonyesha mpira umefika wapi, basi. Mtu mwingine angepasuka kifua. Delbert hakupasuka. Siku za kazi alikuwa mpimaji kwenye ghala la nafaka, akipima malori ya mahindi, na wakulima wa Nebraska ni wabishi, jamani, hawamwamini hata padri wao. Lakini karatasi iliyotoka kwa Delbert hawakuikagua mara mbili.

Kazi yake uwanjani ilikuwa kibanio, kipande kidogo cha chuma kinachojaa kiganjani. Timu inayoshambulia hupewa majaribio manne ya kuusogeza mpira yadi kumi; wakishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Wakifaulu wanaanza kuhesabu upya, mnyororo wa yadi kumi, wenye fimbo kila ncha, unanyooshwa upya, na Delbert anainama kubana kibanio pale mnyororo unapokutana na mstari wa chaki uliochorwa kukatiza uwanja. Nyuma ya mstari, si mbele yake. Ukizuka ubishi, mnyororo unabebwa hadi katikati ya uwanja, kibanio kinawekwa nyuma ya mstari uleule, na hapo atakayebisha ana lake jambo. Upana wa mstari ni vidole vinne. Lishike hilo, maana ndilo lililomla mzee huyu.

Rafiki yake wa kufa na kuzikana alikuwa Merle Oltmans, kocha wa ulinzi wa chuo hicho. Walikaa dawati moja tangu shule ya msingi, na kila Jumapili baada ya kanisa Delbert alikwenda kwa Merle kula maharage ya pilipili na nyama, pamoja na mkate wa mdalasini, kama ilivyo desturi. Wakishashiba, Merle huupanga mchezo wa jana mezani: vikopo vya chumvi ndio walinzi, vijiko ndio washambuliaji. Vijiko havikupita hata siku moja.

"Wanasema ulinzi umekufa," Merle alizoea kunguruma. "Umekufia wapi? Umezikwa lini? Mtu ukimshika miguu anaanguka, Del. Hata askofu ukimshika miguu anaanguka!"

"Kamshike askofu basi, tuone kama hujatengwa na kanisa."

"We cheka tu. Cheka!"

Lakini mchezo ulikuwa umebadilika kweli. Zamani watu walikwenda nyumbani kwa alama saba kwa tatu na wakaoga kwa furaha. Siku hizi washambuliaji hawakai tena kushauriana. Mpira ukitua, sekunde chache tu wameshaurusha tena, walinzi bado wanatafuta pumzi. Sheria zimewalegezea, vijana wenyewe wanahama chuo kila mwaka kama wapangaji wasiopenda mwenye nyumba, na alama hamsini si habari tena. Na watu wa mnyororo, wazee watupu, wanakimbizwa huku na huku mpaka magoti yanalia. Delbert hakuhitaji gazeti kumwambia kwamba ulinzi una hali mbaya. Magoti yake yalijua.

Sasa, miaka kumi na moja iliyopita, Novemba, walikuja Dannevik, timu iliyokuwa ikipachika alama hamsini na mbili kila wiki. Wakubwa wa chuo walishamwambia Merle waziwazi: tukipoteza huu, tunatafuta kocha wa mambo ya kisasa. Merle alimweleza Delbert Jumapili iliyotangulia, kijiko mkononi, na hakutania hata kidogo. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, hakuwa na kazi nyingine aliyoijua.

Na wale vijana wake, loo! Walicheza siku ile kama watu walioambiwa nyumba zao ziko nyuma yao. Ikibaki dakika moja na nusu, Prosser walikuwa mbele kumi na sita kwa kumi na tatu. Dannevik kumi na tatu! Upepo ulikuwa wa kukata masikio, na Dannevik wakaanza kukimbiza mpira kwa pupa. Wakapata yadi zao kumi, mnyororo ukahamishwa mbio. Delbert akafika anahema, vidole vimekufa ganzi, akainama, akabana kibanio.

Akakibana mbele ya mstari.

Alikiona. Usidhani hakukiona, macho yake yalikuwa ya mpimaji. Angeweza kupunga mkono, mwamuzi angesimamisha mchezo kwa sekunde tano, angekirudisha. Lakini mpira ulishakaribia kurushwa, naye akajisemea moyoni: ya nini? Hawa wataruka yadi ishirini sasa hivi, nani atapima? Nani anamzuia mtu siku hizi? Akainuka, akajifuta pua.

Jaribio la kwanza, wakazuiwa. La pili, yadi nne. La tatu, wakajisukuma hadi karibu kabisa na yadi ya kumi. La nne, kijana mmoja wa Prosser, Cody Hruska, alipita katikati ya majitu mawili akamkumbatia miguu mwenye mpira, na wote wakaanguka rundo. Mwamuzi akaita mnyororo.

Waliubeba hadi katikati, Delbert ameshika kibanio, na mwamuzi akakiweka nyuma ya mstari kama ipasavyo. Mnyororo mzima ukarudi nyuma kwa upana wa mstari, vidole vinne. Mpira ukaonekana umeipita fimbo ya mbele kwa vidole viwili. Dannevik wakaruka juu, wamepata majaribio mengine manne. Kule ng'ambo Merle hakumtazama mwamuzi. Alimtazama Delbert, akauliza kwa macho tu, kama mtu anavyomtazama mpimaji kwenye mizani. Delbert akatazama nyasi.

Majaribio mawili baadaye Dannevik wakafunga. Ishirini kwa kumi na sita. Merle alifukuzwa kabla ya Sikukuu ya Shukrani ya mwezi uleule.

Kwa nini hakusema? Mwanzoni aliogopa waamuzi, kisha akaogopa mji mzima, kisha akamwogopa Merle, na uongo ukishalala nyumba moja nawe mwaka mmoja unakuwa na kiti chake mezani. Jumapili aliendelea kwenda kula. Merle alikuwa sasa anauza mbegu za mahindi, na vikopo vya chumvi havikupangwa tena.

"Tuliwapa kila kitu siku ile, Del," alisema Merle, si mara moja wala mara mbili. "Sijawahi kuwa na vijana kama wale. Na hatukuweza. Basi haiwezekani, yamekwisha. Bora nilijua nikiwa hai."

Delbert alimeza maharage yake kama anayemeza kokoto. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea. Mwenzake alikuwa akimkaribisha mwenyewe, akimpakulia na kumwongezea.

Vuli iliyopita kocha wa shule ya sekondari ya pale mjini alikuja mwenyewe mlangoni kwa Merle, kofia mkononi. Aje awafundishe vijana ulinzi, jioni mbili kwa wiki, tafadhali Kocha. Delbert alikuwepo, mkate mdomoni.

"Nikawafundishe nini?" Merle akasema. "Nikawafundishe uongo? Watafute mtu mwingine, mwanangu." Akafunga mlango taratibu. Aliporudi mezani alikuwa na uso wa mtu aliyezika.

Wiki mbili baadaye magoti ya Delbert yalikataa kabisa, akaomba kustaafu mnyororo. Chuo kikamwita katikati ya uwanja wakati wa mapumziko, wakamkabidhi kibanio chake kile kile, kimegongomelewa kwenye ubao wa mti mzuri uliochongwa maneno: MIAKA 38, HAKUTUPUNJA HATA INCHI. Watu elfu nne wakasimama. Na Merle, ambaye hakuwa amekanyaga uwanja ule tangu afukuzwe, alikuja siku ile kwa ajili ya rafiki yake. Alisimama wa kwanza, akapiga makofi mikono juu ya kichwa, akapaza sauti, "Huyo ndiye mtu mkweli pekee aliyewahi kuwemo humu ndani!" Delbert alitamani ardhi imfunike.

Jumapili alikwenda kwa Merle na ule ubao kwapani. Hakuvua koti.

"Keti basi, chakula kiko tayari," Merle akasema. "Au siku hizi mashujaa wanakula wamesimama?"

"Merle, ile siku ya Dannevik."

"Aa, tuache hiyo."

"Uliwazuia."

Merle akaweka mwiko chini. Delbert akachukua chumvi akaimwaga mezani mstari mmoja, akaeleza yote, mbele ya mstari na nyuma ya mstari, vidole vinne na vidole viwili. Sauti ilimtoka kama ya mtoto. Alipomaliza, Merle alikuwa ameweka vidole vyake vinne juu ya ile chumvi, anavitazama.

"Kwa hiyo Hruska alimshika," akasema polepole.

"Alimshika."

"Hawakufika!"

"Hawakufika, Merle. Walipungukiwa na vidole viwili."

Uso wa yule mzee ukafunguka. Miaka kumi Delbert hakuwa ameiona sura ile, na kwa muda mfupi akafurahi, mjinga, akadhani wamepona. Kisha Merle akauliza, "Ulijua baadaye, au ulijua pale pale?"

"Pale pale."

"Mbona hukukirudisha?"

Hapo ndipo angeweza kusema vidole vilikuwa na baridi. Angesamehewa, nina hakika. Lakini alikuwa amechoka na uongo. "Nilidhani hakuna haja," akasema. "Nilidhani huwezi kuwazuia."

Sufuria ikaanza kuungua, Merle akainuka kuzima jiko. "Kibanio nakusamehe," akasema akiwa amempa mgongo. "Mtu hukosea. Lakini wale wakubwa walinidharau, waandishi walinidharau, nikawa nasema moyoni, alaa, potelea mbali, Del yupo. Kumbe Del naye." Akafuta chumvi mezani kwa kitambaa. "Chukua ubao wako uende. Usirudi Jumapili."

Hakurudi.

Majira haya, Jumanne na Alhamisi, ukipita barabara ya shule ya sekondari utamwona Merle Oltmans uwanjani, miaka sabini na kofia yake ya zamani, anawapigia vijana kelele. Utaliona pia gari la Delbert limeegeshwa ng'ambo ya barabara, kioo kimeshushwa. Anakaa humo kama saa nzima. Juzi kijana mmoja alimkumbatia mkimbiaji miguu, akamwangusha barabara, na Merle akamwinua kwa mabega, akampandishia mkono usoni, vidole vinne vimenyooka.

"Hivi!" alifoka. "Mtu anazuiwa kwa hivi! Nani kasema haiwezekani?"

Delbert mle garini akapiga makofi. Ndiyo mara yake ya kwanza maishani. Merle akageuka, akalitazama gari kidogo, kisha akawarudia vijana wake, na Delbert akapandisha kioo akaenda nyumbani.