Siku Niliyomuua Mama kwenye Mgahawa wa Kijapani

Haya jamani, chekeni, maana hata nisipowaambia mimi mtaambiwa na wakwe zangu, ambao mpaka leo wakinisalimia wanauliza kwanza mama yangu anaendeleaje.

Nilikuwa Dar, nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nataka kumuoa Leokadia, mwalimu wa shule ya msingi kijijini kwetu Kirushya. Baba yake, mzee wa kijiji cha Nyakahura, alikuja mjini kutibiwa macho, nami nikajua huyu akinikubali basi posa imepita. Akaniuliza, "Nasikia Wajapani wana chakula chao hapa mjini. Wewe unapajua pa kukila?" Ningesema sijui, yangeisha. Nikasema, "Napajua sana, baba, huwa nakula pale." (Nilikuwa nimepita nje mara moja, nikipeleka mabomba.)

Basi tukaenda, tukaletewa sahani ya wali uliofungwa na samaki mbichi, na pembeni kidonge cha kitu cha kijani. Sasa kwetu mwenyeji ndiye huonja kwanza, ili mgeni ale bila wasiwasi, nami mbele ya mkwe nisingeonja kama kuku. Nikadhani lile ni parachichi, nikalichota lote, nikatia mdomoni. Kumbe ni kiungo kikali, wenyewe wanakiita wasabi. Moto ukapanda puani mpaka utosini, machozi yakanimwagika, nikashika meza kwa mikono miwili.

"Unalia nini, mwanangu?"

Nikaona aibu kusema chakula ninachokula kila siku kimenishinda. Nikajibu, "Nimemkumbuka mama, baba. Alitutoka."

Mzee akaweka vijiti chini, akavua kofia, akasimama, akapiga ishara ya msalaba na kuanza kumwombea mama yangu kwa sauti ya kanisani, hadi watu wa meza za jirani wakaacha kula na mhudumu naye akainamisha kichwa. Nikaitikia amina. (Mungu anisamehe, ningefanyaje?) Nikadhani yamekwisha, kumbe mzee ameshatoa simu ampigie binti yake, akaiweka sauti ya juu kwa kuwa hasikii vizuri.

"Leokadia, mbona hukutuambia kijana amefiwa na mama?"

"Mama yake yupi, baba? Si huyu hapa, ameniletea maharage."

Kisha nikasikia sauti ninayoijua tangu nizaliwe, mgahawa mzima ukiisikia pia: "Nimekufa lini? Mpe simu huyo mtoto."

Nikaisukuma simu irudi upande wa mzee. Nilijua nimempoteza Leokadia, na iliniuma kuliko kile cha kijani. Mzee akakata simu, akanisogezea maji.

"Ungesema tu kinawasha," akasema. "Hata mimi nilikiogopa." Akala wali kidogo, kisha akaongeza, "Posa leteni. Ila barua asilete mshenga. Ailete mama yako kwa mkono wake, nimwone anapumua."

Basi mama akaibeba mwenyewe mpaka Nyakahura, nami nikimfuata nyuma. Tulipokaribishwa ndani, ukoo wote umekaa, wakamwomba ajitambulishe. Akasimama, akakunjua khanga, akasema taratibu, "Mimi ndiye marehemu."

Walicheka mpaka mzee akafuta macho yake mabovu, nami nikabaki nimeinama, nikiapa kwamba tangu leo kitu kikiniwasha nitasema kimeniwasha.