Shemeki Alisema Kasuku Ndiye Ananiua

Daktari aliacha kuandika, akaniangalia.

"Maman Élodie, kule nyumbani munafuga ndege?"

Haki ya Mungu, kama ningekuwa na nguvu ningemrushia usoni kile kikopo cha makohozi. Nilijua tu: Stanislas amefika mpaka huku.

Stanislas ni shemeki wangu, mdogo wa marehemu bwana yangu. Tunakaa parcelle moja Kadutu, yeye nyumba ya mbele, mimi ya nyuma. Bwana yangu aliniachia cherehani na kasuku aliyemtoa kwenye misitu ya Shabunda. Wa kijivu, mkia mwekundu. Anaitwa Patron.

Nilipoanza kukohoa, homa juu, kichwa kinapasuka, Stanislas alikuja kupiga kelele mlangoni kwangu. Majirani wote wanasikia.

"Hii ndege ya uchawi ndiyo iko inakukula! Kaka yangu alikufa, sasa ni wewe. Toa hii kitu mu parcelle!"

"Stanislas, toka ku mulango yangu."

"Nitaipa sumu. Utaona."

Kikaumana.

Siku hiyo hiyo nikaingiza tundu la Patron sebuleni. Kesho yake nikamkamata Stanislas mkono uko ndani ya dirisha, anatafuta kufungua tundu. Nikalipeleka chumbani, kando ya mto wangu. Dirisha nikapigilia misumari.

Kusimama kupika ugali nilikuwa siwezi. Lakini Patron hakulala njaa hata siku moja. Karanga nilimenya nikiwa nimelala. Mavi yake nilifagia nimepiga magoti. Nafagia, nakohoa, napumzika, nafagia tena.

Kituo cha afya walisema typhoïde. Kisha malaria. Kisha wakanipima kifua kikuu mara mbili, hakuna kitu.

Siku dada yangu Bintu aliponipakia kwenye pikipiki kwenda hospitali kubwa, Stanislas alisimama getini, mikono kiunoni.

"Huyu harudi," akasema. Hakupunguza hata sauti.

Ndiyo maana daktari aliponiuliza habari za ndege, nikawaka.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma, maman. Kuko ugonjwa kasuku wanapatia watu. Mavi ikikauka inakuwa vumbi, vumbi inaingia mu mapafu. Tundu iko wapi?"

"Kando ya kitanda."

"Na dirisha unafungua?"

Nikakumbuka ile misumari.

Nililia kwa hasira. Mtu ninayemchukia kuliko wote amepatia, tena bila kujua kitu! Na kila aliponitisha, mimi nilimsogeza Patron karibu zaidi na pua yangu.

Vidonge vilifanya kazi. Baada ya siku kumi na tano nikarudi nyumbani.

Kufuli limevunjwa. Tundu hakuna.

Nikachukua mchi wa kutwangia majani ya sombe, nikaenda nyumba ya mbele. Charlène, mke wa Stanislas, alifungua mlango, macho yamevimba. Kabla hajasema neno, nikasikia mluzi wa Patron kutoka chumbani.

Stanislas alikuwa chini ya blanketi mbili, anatetemeka, anakohoa kikohozi changu kabisa. Tundu liko kando ya kichwa chake.

"Kuko mutu wa Goma anataka kuinunua," Charlène akasema chini chini. "Stanislas alijua hautarudi. Akaiweka hapa watu wasiibe."

Ndege wa uchawi huyo huyo!

Stanislas akafungua jicho moja. "Mulozi weye. Umenitupia ugonjwa yako."

Nilishusha mchi. Nikabeba tundu, nikatoka.

Dawa yake nilikuwa naijua. Sikusema. Nilikaa siku mbili nashona, namsikia anakohoa, nasukuma cherehani kwa nguvu zaidi.

Siku ya tatu Charlène akaanza kutafuta watu wa kumbeba mpaka kwa mchungaji. Nikakata karatasi, nikaandika: *Amelala na kasuku chumbani.*

"Acheni mchungaji kwanza. Mupeleke hospitali. Mupe daktari hii."

Alipona. Patron naye veterinaire, daktari wa wanyama, alimpa dawa kwenye chakula, wiki sita. Sasa anakaa nje barazani, na nikisafisha namwaga maji kwanza, pua nimefunga.

Stanislas hajasema asante. Anatangaza mtaani kwamba alifunga na kuomba mpaka nikatoa uchawi wangu. Hatusalimiani.

Wewe unayesoma, nikuambie kitu. Adui yako akisema jambo, usilikatae kwa sababu ni yeye amelisema. Nenda kapime. Mimi nilitaka kumkomoa mtu, nikajifungia ndani na kifo.

Na zile siku mbili nilizonyamaza, nimeziungama kwa padri.

Kwa Stanislas, bado.