Ukuta Uliosema Soda Haina Sukari

Mama Rangi aliandika maneno kwenye kuta za maduka. Kazi hiyo alifundishwa na mumewe, na mume alipofariki watu walidhani ndoo na brashi zitauzwa. Wapi. Alivaa ovaroli ya marehemu, akakunja miguu ya suruali, akapanda ngazi. Vinyozi, mafundi baiskeli, wauza mbao, wote walipita mkononi mwake. Na alikuwa mtu wa kucheka ovyo. Kicheko kingemshika hata kwenye foleni ya benki, na hakuna aliyejua kimetoka wapi, yeye mwenyewe akiwemo.

Siku moja aliitwa na jamaa aliyetengeneza soda zake mwenyewe katika chumba cha nyuma ya duka. Mtaa mzima ulimwita Bosi. Bosi alikuwa amesikia kwamba soda za viwandani hutiwa shira inayotokana na mahindi, na kwamba shira hiyo ni sumu tupu. Nani alimwambia, hakumbuki. Ila yeye alitumia sukari ya miwa, na alitaka dunia nzima ijue.

Alitaka pia herufi kubwa kuliko za jirani yake. Mama Rangi akapima ukuta, akaona hautoshi, wakakubaliana maneno yaendelee mpaka kwenye mlango wa chuma. Jioni, duka likiwa limefungwa, alirudi nyuma hadi ng'ambo ya barabara akasoma: SODA YETU HAINA SUKARI YA MAHINDI. Pembeni, mlangoni, alikuwa amechora hindi lililonuna. Akaenda zake ameridhika.

Asubuhi Bosi akafungua duka. Mlango ukaingia ndani, ukaondoka na "ya mahindi" pamoja na hindi lenyewe.

Mtaani pale wenye ugonjwa wa sukari hawakuwa haba, na mmoja wao alikuwa mama mzazi wa Mama Rangi, bibi aliyekuwa akinywa chai isiyo na sukari miaka nenda rudi, na kila kikombe kilikuwa na manung'uniko yake. Asubuhi hiyo alikuwa anakwenda kununua uzi. Akasoma ukuta. Akausoma tena. Mwandiko aliujua, ni wa mwanawe.

Mama Rangi aliporudi nyumbani mchana alimkuta kibarazani na rafiki zake wawili, wenye sukari kama yeye, kila mmoja na chupa mkononi. Walikuwa wanaimba nyimbo za usichana wao, na mmoja alikuwa anacheza bila kuinuka kitini.

"Mwanangu, njoo ukae," mama yake alisema. "Leo nimekumbuka kwa nini Mungu alinipa ulimi."

"Mnakunywa nini, mama?"

"Soda isiyo na sukari. Umeandika mwenyewe, halafu unaniuliza mimi?"

Kicheko kilimtoka Mama Rangi kabla hofu haijafika. Ilipofika, alizikusanya zile chupa akawaeleza habari ya mlango: sukari imo, tena tele, isipokuwa si ya mahindi. Mabibi wakatazamana. Kisha yule aliyekuwa akicheza akauliza kwa upole, kama si ya mahindi, basi si ile mbaya, au vipi? Hata Mama Rangi alikuwa anaamini hivyohivyo. Akawapeleka wote watatu zahanati.

Muuguzi aliwapima. Sukari ilikuwa imepanda kweli, ingawa si ya kutisha. Akawapa maji, akawaambia wakae awapime tena. Alipouliza wamekunywa nini na kwa nini, ikabidi ajifanye anatafuta kitu kwenye droo ili wasimwone anavyocheka. Kisha akavuta kiti. Akawaeleza kwamba mahindi yana wanga, na viwandani wanga huo huvunjwavunjwa mpaka uwe shira tamu. Miwa nayo hukamuliwa. Njia ni mbili, lakini sukari hizo zikishaingia mwilini ni karibu kitu kilekile, na kinachoumiza ni wingi wake.

"Kwa hiyo mahindi yamesingiziwa?" mama yake Mama Rangi aliuliza.

"Yamesingiziwa kidogo, bibi. Lakini na miwa haijatakata."

Bibi akaguna, akasema basi ukoo wote ni uleule.

Walipopimwa tena na kuruhusiwa, msafara mzima, muuguzi akiwemo, ukaenda kwa Bosi. Foleni ilikuwa imefika kwa fundi viatu. Bosi mwenyewe alikuwa anang'aa kwa furaha, akasema hata yeye anakunywa chupa baada ya chupa kutwa nzima kwa kuwa ni miwa. Muuguzi akamrudia yale maelezo. Bosi akaitazama chupa yake kama mtu aliyeangushwa na shemeji yake. Hakuwa tapeli. Hapohapo akafunga mlango ili watu wasome maneno yote, akajikuta amejifungia ndani, akawa anarudisha pesa kupitia dirishani huku foleni ikivunjika mbavu.

Kesho yake Mama Rangi akapaka ukuta upya: SODA YETU INA SUKARI. KUNYWA KIDOGO. Bosi alijua biashara imekufa. Badala yake watu walikuja kutazama duka linalosema ukweli, na walipofika kiu ikawashika. Akaanza kuwauzia wenye sukari maji ya gesi yaliyokamuliwa ndimu.

Na zahanati nayo ikataka ukuta wake uandikwe. Muuguzi alitoa maneno, SUKARI NI SUKARI, lakini mama yake Mama Rangi akashikilia kwamba lazima pawe na sura, na sura ni yake. Akakaa kitini chini ya ngazi, rafiki zake huku na huku wakitoa amri: pua ipunguzwe, meno yatimie, mikunjo isionekane. Mama Rangi alicheka mpaka brashi ikamponyoka, ikavuta tabasamu la bibi hadi sikioni. Akachukua kitambaa afute.

"Liache," mama yake alisema. "Nimependeza."