Juisi ya Ukwaju kwenye Kibodi

Mke wangu alipojifungua, mama yake alivuka kutoka kisiwa cha Fundo akaja kukaa nasi Wete kumwangalia mzazi. Mkwe wangu ni mtu wa haya, nami vilevile. Asubuhi ananiuliza nimeamkaje, namjibu nikitazama chini, kisha kila mtu anashika njia yake. Kukaa chumba kimoja tukazungumza, hatujapata.

Kazi yangu naifanyia nyumbani. Nasikiliza mahojiano yaliyorekodiwa na watafiti, nayaandika. Kwa ajili hiyo nilijinunulia kibodi nzito, ile ambayo kila herufi ina swichi yake chini na inalia ukiibonyeza. Niliipenda kuliko inavyostahili kupendwa plastiki.

Siku moja ya joto mkwe wangu alinisikia nikiandika tangu asubuhi bila kutoka, akanionea huruma. Akaniletea gilasi ya juisi ya ukwaju. Nami nilikuwa nimetandaza waya wa feni pale pale mlangoni. Mguu wake ukanasa, akaanguka kwa magoti, na juisi yote ikaishia kwenye kibodi.

Nilinyakua kibodi. Nikaichomoa, nikaipindua, nikaikung'uta, huku nasema, "Mama, tazama sasa."

Yeye bado alikuwa chini, kashika goti. Mke wangu ndiye aliyetoka chumbani, mtoto begani, akamwinua mama yake kwa mkono mmoja. Aliniangalia mimi, kisha kibodi mikononi mwangu.

"Nisamehe, baba," mkwe wangu akaniambia. "Sikuuona waya."

Waya ni mimi niliyeuweka, na nilipaswa kusema hivyo papo hapo. Nilisema, "Hapana neno, itakauka," lakini kwa sauti ya mtu aliyeona neno.

Ilikauka, na ndiyo ikawa mbaya zaidi. Sukari iliganda ndani. Herufi nyingine zikibonyezwa hazipandi, na A haikuandika kabisa. Utaandika nini kwa Kiswahili bila A?

Kesho yake baada ya alasiri nilitandika mkeka barazani, nikakaa na bisibisi, spiriti na pamba. Nilikuwa naanza kung'oa vifuniko vya herufi mkwe wangu alipotoka na beseni la maji ya sabuni. Hakuitwa. Alikaa upande wa pili wa mkeka, mguu mmoja kaunyoosha kwa sababu goti lilikuwa limevimba.

"Nipe hivyo vyenye maandishi, nivioshe," alisema.

Nikawa nang'oa, natia kwenye beseni. Yeye anavisugua kwa mswaki, anavianika juu ya kanga. Mimi nadondoshea spiriti kwenye swichi, naibonyeza mpaka inalegea, naenda ya pili. Nyingine zote zilirudi, ila ya A ilikuwa imekufa. Nikafungua kibodi yote, nikawasha chuma cha kulehemu, nikaitoa ile mbovu. Mahali pake nikatia swichi ya kitufe cha pembeni ambacho sijawahi kukitumia. Kibodi ilikuwa inateleza juu ya mkeka, na mkwe wangu alipoona hivyo akaishika kwa ncha za vidole isicheze. Tulikuwa hatujawahi kuwa karibu namna ile.

"Mama," nilisema bila kuinua macho, "waya niliuweka mimi. Na jana nilipaswa kukuinua wewe kwanza."

Hakuiachia kibodi.

"Mtu hushika kinachompa riziki," akasema. "Usijali."

Alitaka kunifariji, najua. Lakini uso ulinichoma kuliko jana, maana hakuwa akinisema. Alikuwa ameshaniona nilivyo, akanitafutia udhuru.

Kibodi ilipona. Upau wa nafasi, ule mrefu wa chini, unalia kama umefungiwa kitambaa, basi. Jioni ile ile niliendelea na kazi. Mke wangu aliisikia kibodi kutoka chumbani, akaniuliza kama nimempelekea mama yake dawa ya goti. Nilikuwa sijafanya lolote. Nikatoka kwenda kuinunua.

Arobaini ilipokwisha nilimsindikiza mkwe wangu bandarini asubuhi, nimembebea mkoba. Goti lake lilikuwa bado halijapona vizuri. Boti ilipokuwa tayari nilimnyooshea mkono ili apande.

"Nitaweza, baba," akasema kwa upole, akashika ubavu wa boti, akapanda mwenyewe.