Kamati Ilipokuja Kuhesabu Viti vya Nyumba ya Mabalozi

Nyuma ya kila mlango katika nyumba za serikali kulikuwa na karatasi. Ilipigiliwa kwa misumari minne midogo, na juu yake iliandikwa kwa taipu fanicha yote ya chumba hicho: meza, viti, kitanda, kioo, hadi ndoo ya taka. Chini kabisa palikuwa na sahihi ya karani wa stoo. Katika miaka ile ya kwanza ya uhuru, sahihi hiyo mjini Kakamega ilikuwa yangu, na mbele ya cheo changu palikuwa na neno "kaimu".

Ukaimu wangu ulikuwa umeingia mwezi wa kumi na nne. Hesabu za stoo nilijifunza mwenyewe kwa masomo ya posta, na mkuu wangu alikubali kwamba leja zangu zilikuwa safi kuliko za aliyenitangulia. Hata hivyo barua ya kunithibitisha ilikuwa imelala kwenye trei yake.

"Hiyo kamati ya Bunge ipite kwanza," aliniambia. "Wakikuta kitu kimoja tu kisichopatana na karatasi zako, sitakuwa na la kuandika."

Nilikuwa na watoto wanne shuleni. Shamba pekee nililoweza kurudi kulilima lilikuwa kipande cha mahindi kule Likuyani, ambacho ndugu yangu mkubwa alikuwa amekwisha kukizoea kama chake. Maneno ya mkuu sikumwambia mtu yeyote, hata mke wangu.

Kamati ilikuwa inakuja kwa sababu ya nyumba moja. Bendera ilipobadilishwa, mabalozi walianza kutembelea mkoa wetu. Mmoja alitaka kuona miwa ya Kabras, mwingine hospitali ya misheni ya Mukumu, na wote waliishia kuuliza watalala wapi. Serikali ikaamua kukarabati nyumba ya zamani ya afisa mmoja wa kikoloni ili wageni wa aina hiyo wafikie humo. Kazi ilipokwisha, mbunge mmoja alisimama Bungeni akauliza kwa nini nyumba ya kumlaza balozi siku mbili kwa mwezi igharimu kama ikulu.

Lilikuwa swali zuri. Jibu lake lilikuwa juu ya dari na chini ya ardhi. Paa lilikuwa limebadilishwa lote, mabomba yameng'olewa na kuwekwa mapya, na mtaro wa maji ya mvua umechimbwa upya kuzunguka msingi. Fanicha ilikuwa ya kiasi tu. Sebuleni kulikuwa na sofa moja na viti viwili vya mkono, na katika chumba cha kulia meza moja na viti kumi na viwili.

Jumanne nilipita chumba kwa chumba na karatasi zangu, nikakuta kila kitu kipo. Jumatano nikatumwa Kisumu kupokea mabati yaliyokuja kwa gari la moshi. Lori likaharibika, nikalala huko. Kamati ilitarajiwa Alhamisi saa nne asubuhi. Mimi niliingia Kakamega saa nne kasoro robo.

Msimamizi wa nyumba ile alikuwa mtu wa Kabras, na kwa kuwa mke wangu ni wa huko, tuliitana shemeji na kutaniana bila huruma. Nilimkuta mlangoni amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi hadi ikakakamaa.

"Mulembe, shemeji! Nimekuokoa."

"Umeniokoa na nini?"

"Na aibu. Ingia uone."

Niliingia nikadhani nimekosea nyumba. Sebule ilikuwa imejaa viti ukutani hadi ukutani, na katikati yake sofa nne zilitazamana kama ng'ombe kisimani. Sakafuni kulikuwa na zulia jekundu ambalo sikuwahi kuliona. Kila mahali palipoweza kubeba kitambaa palikuwa na kitambaa cha kufuma, hata juu ya redio. Nasema redio, ingawa kwenye karatasi yangu hapakuwa na redio. Pembeni lilisimama jokofu la mafuta ya taa, ambalo baadaye niliambiwa lilibebwa na wanaume sita kutoka dukani kwa mfanyabiashara mmoja.

"Shemeji, hivi umevitoa wapi?"

"Kwa watu. Ulitaka nivitoe wapi, mbinguni? Wageni tisa na sofa moja! Wabunge wakaliane magotini?"

"Hawa hawaji kukaa. Wanakuja kuhesabu."

"Na mtu akikuja kwako kuhesabu, unamwachanga amesimama?"

Alikuwa amefanya lile ambalo kila mtu wa kwetu hufanya mji unapopata wageni wengi: alipita nyumba kwa nyumba, na kila nyumba ikatoa kilicho bora. Nilishika kiti cha kwanza nikitoe nje, lakini magari yalikuwa yameshaingia langoni. Msimamizi akaninong'oneza haraka, "Na usiwaambie. Mgeni haambiwangi kiti ni cha jirani."

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mtu mnene, mpole, aliyekaa mara moja kwenye kiti kikubwa kuliko vyote na kushukuru. Yule mbunge aliyeuliza swali Bungeni alikuwa mwembamba, na penseli ameichomeka juu ya sikio. Yeye hakukaa. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya mlango akasoma karatasi, kisha akazunguka vyumba vyote viwili akihesabu kwa kidole. Msimamizi alimfuata nyuma na kikombe cha chai.

"Karatasi hii imetiwa sahihi na nani?"

"Na mimi, mheshimiwa."

"Inasema sofa moja. Mimi naona nne. Viti jumla kumi na vinne. Mimi nimehesabu thelathini na tisa. Au macho yangu yana kasoro?"

"Hayana, mheshimiwa."

"Hivi vingine vilinunuliwa kwa vocha gani?"

"Havina vocha."

Lilikuwa jibu la kweli, na hapakuwa na jibu baya zaidi. Asiyejua kazi ya stoo hudhani kupungua ndiko kubaya na kuzidi ni bahati. Kwa mkaguzi ni kinyume. Kiti kikipungua, pengine mtu ameiba kiti. Viti vikizidi, maana yake kuna fedha zilizopita mahali pasipoandikwa, na hakuna ajuaye ni ngapi. Karani wa Bunge alifungua ukurasa mpya wa daftari lake. Nilimwona akiandika cheo changu.

Mwenyekiti akamgeukia msimamizi. "Mzee, vitu hivi ni vya nani?"

"Ni vya nyumba, mheshimiwa," alisema bila kupepesa. "Niongeze maziwa?"

Nilimtazama shemeji yangu, naye akanitazama, na sote wawili tulijua nini kinafuata.

"Mheshimiwa mwenyekiti," nikasema, "naomba waheshimiwa wote wasimame."

"Tusimame?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Pamoja na vikombe vyenu."

Walisimama wakitazamana. Nikakipindua kiti cha kwanza miguu juu. Chini yake kulikuwa na herufi mbili za rangi ya bluu. Cha pili kilikuwa na alama ya mkasi, kwa kuwa mwenyewe ni fundi wa nguo. Cha tatu kilikuwa na misumari mitatu iliyopangwa pembe tatu. Kwetu viti havitulii nyumbani. Huenda matangani, huenda harusini, hukesha kwa watu siku tatu nne na kurudi, na hakuna anayetoa kiti bila kukitia alama upande wa chini. Viti vya serikali vina namba iliyochomwa kwa chuma cha moto. Nikapindua kimoja cha chumba cha kulia nikawaonyesha.

Mbunge mwembamba alicheka kwa mara ya kwanza. "Sisi kwetu tunachonganga kwa kisu," alisema, akapiga magoti akaanza kupindua mwenyewe. Alipofika kwenye kiti cha mwenyekiti akakuta msalaba. "Mheshimiwa, umekalia kiti cha kanisa!"

"Basi ndiyo maana nilijisikia vizuri," mwenyekiti akajibu.

Wenye viti hawakuwa mbali. Walikuwa wamejipanga nje ya ua tangu saa tatu, maana kila mmoja alitaka kuona ni mheshimiwa gani atakalia chake. Mama mmoja aliyekuwa akichungulia dirishani alipoona kiti chake miguu juu, alishindwa kujizuia.

"Hicho cha bluu ni changu! Kishikeni polepole, mguu wa nyuma umeungwa!"

"Ingia, mama, uchukue," mwenyekiti akamwambia.

Wakaingia mmoja mmoja, kila mtu akataja alama yake kabla ya kiti kupinduliwa, na karani wa Bunge akawa anaandika. Hakuna aliyekosea. Mfanyabiashara mmoja kutoka Mumias, mwenye kofia ya kufuma, alitoa salamu ya asalaam aleikum kwa chumba kizima, akasema zulia ni lake lakini hatalichukua sasa.

"Kwa nini?" akauliza mbunge mwembamba.

"Nyinyi mko juu yake. Malizeni chai kwanza."

Hadi saa saba sebule ilikuwa imebaki na sofa moja na viti viwili vya mkono. Mbunge mwembamba alihesabu tena, akapata kumi na vinne. Kisha akadai kuona fedha zilikokwenda, nami nikampandisha ngazi hadi darini na kumteremsha hadi kwenye mtaro. Mvua ya alasiri ikaja tukiwa huko huko. Alisimama chini ya mwavuli kwa muda mrefu akitazama maji yakikimbia kuuacha msingi, akaniuliza upana wa mtaro na unene wa saruji. Nilikuwa na vipimo vyote kichwani.

Chakula kilikuwa obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, kwenye meza ya kulia. Mwenyekiti aliniambia nami niketi. Kwetu firigisi ya kuku huwekewa mtu unayemheshimu. Siku ile msimamizi aliipeleka kwa mbunge mwembamba. Mimi aliniwekea shingo, akaniambia, "Karibu, Bwana Karani."

Alikuwa hajawahi kuniita hivyo. Kwa wiki tatu zilizofuata hakuniita vingine. Nikienda kukagua nyumba alinifungulia mlango, akajibu nilichouliza, akafunga. Mke wangu alisikia kwao Kabras kwamba nimewasimamisha wageni na kuwaumbua watu waliotoa vitu vyao kwa moyo mweupe.

Taarifa ya kamati ilitoka. Ilisema gharama za ujenzi zimeonekana, na ikashauri kwamba siku nyingine nyumba kuukuu zipimwe vizuri kabla ya kukarabatiwa, jambo ambalo hata mimi niliona ni sawa. Siku mbili baadaye mkuu wangu alinikabidhi barua. Nilithibitishwa kazini kuanzia tarehe moja ya mwezi huo.

Niliipeleka kwa msimamizi kabla hata ya kwenda nyumbani. Aliisoma polepole, akairudia, hasa pale paliposema kwamba uamuzi ulikuwa ukisubiri matokeo ya kamati.

"Kwa hiyo wangekufukuza?"

"Wangenifukuza."

"Kwa ajili ya viti?"

"Kwa ajili ya viti."

Aliikunja barua, akanirudishia, akatikisa kichwa.

"Sasa mbona hukuniambia, shemeji? Ningeazima vichache."