Kipaza Sauti Kilichotaja Kyoto

Nauza mapazia Eastleigh, na mke wangu Halima anauza viatu duka linalotazamana na langu. Kunadi sioni haya, kipaza sauti changu hurudia "Mapazia, bei ya jumla!" kutwa nzima. Lakini kumwambia Halima nataka tukatembee Kyoto, kule Japani, siku nne, sisi wawili tu? Ulimi uligoma.

Basi jana asubuhi, kabla hajafika, nikajirekodi kwenye kipaza sauti hichohicho nisikie kama naomba vizuri. Mteja akaingia, nikasahau kufuta. Baadaye nikabonyeza kama kawaida, nikaenda stoo.

Kurudi, nakuta watu wamejaa mlangoni. "Halima wangu, twende Kyoto. Tutazame mahekalu ya zamani, nikushike mkono bila kuwaogopa watoto." Kikarudia. Kikarudia tena. Wabeba mizigo sasa waliitikia, "Twende!"

Nikajificha nyuma ya mapazia, mtu mzima mimi. Mara kipaza sauti kikatoa sauti ya Halima mwenyewe:

"Baba Salma, picha za Kyoto umezijaza kwenye simu, ukadhani sioni? Pasipoti nilishachukua tangu Ramadhani. Sasa toka huko, viatu vyako vinaonekana."