Picha ya Kifua cha Mashimba

Mashimba alikuwa mfugaji wa Kisukuma hapa Michenga, na alikuwa akikohoa tangu mpunga upandwe. Watafiti walipoleta mashine ndogo ya eksirei, ambayo kompyuta yake inatambua kifua kikuu papo hapo, mimi Bernadeta, mhudumu wa afya wa kijiji, nilimwandika wa kwanza.

Siku ya kupigwa picha ng'ombe wake walikuwa malishoni, mbali. Akafanya kama siku za chanjo ya mifugo, ambapo yeyote wa boma husimama kwa niaba ya wote: akamtuma mdogo wake, Luhende. Jina la Mashimba lilipoitwa tena, mwisho wa siku, Luhende akaitika.

Nilimwona. Lakini gari lilikuwa linataka kuondoka, na orodha yangu ilibakiza jina hilo moja tu. Nikaliwekea alama ya tiki.

Luhende akampelekea kaka yake karatasi: mapafu ni mazima. Nilipomsihi Mashimba aende hospitali, Ifakara, alinionyesha karatasi hiyohiyo. "Si wewe uliyeniandika, mama?"

Hata hapo sikumwambia kwamba picha huonyesha mapafu ya aliyepigwa tu.

Tulimzika kabla ya mavuno. Baada ya matanga, mkewe Minza, ambaye hajui kusoma, aliitoa karatasi kwenye sanduku akaniuliza mumewe ameuawa na nini, maana kompyuta haikuona kitu. Nikamsomea neno kwa neno, na jina la mumewe pale juu.

Akashukuru. Kisha akajifunika mdomo kwa khanga, akakohoa.